Kugeuza Buji

Faradji Lukumani alianza kumchukia Raphaël asubuhi ya kwanza kabisa, hata kabla hawajasalimiana, kwa sababu yule kijana aliingia garaji na penseli sikioni. Penseli! Kwa miaka kumi na saba Faradji alikuwa fundi mkubwa wa garaji ile ya Kasongo. Alikuwa ameshusha injini za malori kwa minyororo na magogo, amefunga springi zilizokatika kwa waya na matusi, na hakuna siku hata moja aliyohitaji penseli. Karani ndiye hushika penseli. Fundi hushika spana. Huyu anayeshika vyote viwili, alijiuliza, amekuja kuandika nini?

Alikuja kuandika kifo chake, ndivyo alivyojijibu mwenyewe, na tangu siku hiyo hakubadili mawazo.

Raphaël alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, mtoto wa misioni, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata nyanya. Alikuwa amesomea ufundi miaka mitatu kule Élisabethville, na alikuwa na karatasi yenye muhuri iliyosema hivyo. Aliyemleta alikuwa mwenye garaji, Mbelgiji mmoja aliyeitwa Pierre, ambaye Kasongo nzima ilimwita Bwana Haraka. Mtu huyo alikula akiwa amesimama, alisoma barua akitembea, na shingoni alining'iniza saa ya kusimamisha kwa kidole, kama wengine wanavyovaa hirizi. Mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa amenunua gari fupi jekundu la viti viwili, lisilo na paa, lenye injini ya mbio. Lilikuja kwa treni hadi Samba likiwa limefunikwa turubai, na tangu lilipofunuliwa Bwana Haraka hakuwa na wazo jingine kichwani. Tarehe ishirini na moja ya mwezi wa saba, sikukuu ya Wabelgiji, angeshindana na Mzungu wa kampuni ya pamba kupanda mlima ulioko kabla ya kufika Lusangi. Madereva waliuita mlima huo Chemsha, kwa sababu kila lori lililoupanda lilichemsha maji.

Siku chache baada ya Raphaël kuingia, Bwana Haraka aliwaita wote wawili mbele ya ofisi.

"Kiisha sikukuu nitafungua garaji ingine Kabambare," alisema, macho yakiwa kwenye saa. "Mumoja atabaki hapa. Mumoja atakwenda kule. Mimi nitaangalia kazi, kiisha nitasema nani fasi gani."

Akaondoka. Faradji alimtazama Raphaël kwa jicho baya, Raphaël akatazama chini, na Faradji akayahesabu macho yale yaliyoangalia chini kuwa ni ushahidi. Nani hutafuta fundi mwenye karatasi kutoka Élisabethville, akamlipia safari, ili ampeleke porini kwenye malori mawili ya pamba? Mambo yalikuwa wazi. Kijana atabaki Kasongo, na mzee atatupwa Kabambare.

Jioni alimweleza mkewe. Subira alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua uso.

"Miye siendi," alisema. "Mama yangu iko humu ndani, hatembei. Nani atamubeba mpaka Kabambare, juu ya kamio ya pamba? Na siwezi kumuacha. Weye nenda, Baba Feza. Utapikiwa na Wabangubangu."

"Sijasema naenda."

"Basi usiende."

Alisema hivyo bila kelele wala chozi, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Hilo lilimuuma Faradji kuliko kama angerusha ungo. Walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili. Aliingia kulala akijua kitu kimoja tu: akishindwa garaji, atazeekea Kabambare peke yake, kama mtu asiyeoa.

Baada ya hapo hawakusemezana na Raphaël isipokuwa kwa lazima, na hata hiyo lazima waliipitishia kwa watu wengine. "Mwambie yule mutu anipe nyundo," Faradji angesema kwa dereva yeyote aliyesimama karibu, na yule mtu akiwa hatua mbili tu kutoka hapo. Raphaël aliileta nyundo kimya kimya, akaiweka chini badala ya kuiweka mkononi. Faradji alimficha ufunguo wa stoo. Raphaël akatengeneza kabureta bila kitu chochote cha stoo, ikafanya kazi, na kwa hilo Faradji alimchukia maradufu.

Vita vyenyewe vilizuka siku tisa kabla ya sikukuu, na kisa kilikuwa buji.

Buji, kwa asiyejua, ni kile kijitu cheupe chenye kichwa cha chuma kinachokazwa juu ya injini ili kutoa cheche ya kuchoma petroli. Chini yake mna ncha katikati, na kijino kilichopinda kuikaribia ncha ile bila kuigusa. Cheche huruka katika upenyo huo mdogo. Gari la Bwana Haraka lilikuwa na buji nne. Asubuhi ile Faradji alizikuta zote nne zimepangwa juu ya kitambaa safi, na Raphaël ameinama, ameshika penseli yake, anachora mstari mwembamba juu ya weupe wa kila moja.

"Unaandikia nani barua?" Faradji alimuuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa juma zima kusema naye ana kwa ana.

"Siandiki barua, Muzee Faradji. Naweka alama. Alama iko upande ule kijino hakifuniki, upande cheche iko wazi. Ukikaza buji hauoni ndani, lakini alama utaiona hapa juu. Hapo njo utajua cheche inaangalia wapi."

"Na ikiangalia wapi, ndiyo itakuwa nini?"

"Inapaswa kuangalia fasi petroli inaingilia. Kama kijino kimeipa mugongo, kinaifunikia moto. Ukiigeuza, moto unawaka vizuri zaidi. Kama haikai vizuri, unatia rondele, kile kipete cha shaba, chini yake, nyembamba ao nene kidogo, unakaza tena, mpaka ikae."

Faradji alicheka kwa sauti ili madereva waliokaa ukutani wasikie. Walisikia, wakasogea. Hakuna kazi dereva anayoifanya kwa moyo wote kama kusogelea ugomvi wa wengine.

"Sikilizeni elimu hii," alisema. "Buji sasa zina uso! Miye nimekaza buji tangu huyu ananyonya. Buji unaikaza mpaka inakamata, basi. Mule ndani petroli imejaa kila pembe, imesukumwa, inazunguka. Ukiwasha kiberiti ndani ya nyumba iliyojaa petroli, utauliza kiberiti kiliangalia dirisha ao mulango?"

Madereva waliangua kicheko. Masikio ya Raphaël yalibadilika rangi. Alikuwa mpole, lakini mpole naye ana mahali pake pa kuchomwa, na pale alichomwa.

"Ajabu," alisema polepole. "Ninyi watu wa Kasongo, mukichinja mbuzi, munamugeuza kibla. Mutu akikufa, munamulaza kaburini munamugeuza uso kibla. Buji tu njo munakataa kugeuza?"

Kicheko kilikatika. Kati ya madereva wale nusu walikuwa Waislamu, na Bulaimu, mkubwa wao, alishuka ukutani akasimama wima. Faradji alisogea hatua moja.

"Mbuzi tunamugeuzia Mungu," alisema. "Buji weye unaigeuzia nani?"

Raphaël aliinama tena juu ya kitambaa chake. Lilikuwa jibu zuri, na Faradji alijua ni zuri. Lilizunguka soko zima kabla ya adhuhuri. Lakini Bwana Haraka naye alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, amesikia kila neno, na yeye hakujali kibla wala Mungu. Alichosikia ni kwamba kuna jambo linaloweza kuongeza mbio za gari lake.

"Mimi hapana taka maneno," alisema. "Mimi nataka saa. Siku ya mungu tunakwenda Chemsha. Kwanza buji ginsi iko. Kiisha buji ginsi huyu anasema. Saa itasema nani iko na akili."

Jumapili hiyo walitoka mapema. Bwana Haraka alitangulia na gari lake jekundu, mafundi wakafuata katika kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyoendeshwa na Bulaimu. Bulaimu alikaa kati yao. Njiani Faradji alimuuliza Bulaimu kama leo misioni hakuna misa, maana aliona baadhi ya waumini wameacha sala kwa ajili ya buji. Raphaël alitazama nyasi za kando ya barabara. Ulikuwa wakati wa kiangazi, nyasi zilikuwa nyekundu kwa vumbi na hewa ilinukia moshi wa mashamba.

Chini ya Chemsha kulikuwa na jiwe la kilomita, na kileleni mti mmoja uliokatwa nusu. Kutoka jiwe hadi mti, Bwana Haraka angeenda peke yake na kujipimia saa yake mwenyewe. Mafundi wangengoja chini. Faradji alikaa upande wa kulia wa barabara, Raphaël upande wa kushoto, na Bulaimu akabaki ndani ya kamioneti, mahali ambapo angeweza kuwaona wote wawili bila kuwa wa yeyote.

Gari liliondoka likinguruma. Injini ile ilikuwa na sauti nzuri, hata Faradji alikubali moyoni. Karibu na kilele, pale mteremko unapokuwa mkali kabisa, lilikohoa mara mbili tatu, likavuka. Lilikuwa likikohoa hapo kila siku, hakuna aliyeshangaa. Bwana Haraka alirudi akiwa mweupe kwa vumbi.

"Sekunde themanini na ine!"

Alipanda tena: themanini na tano. Mara ya tatu: themanini na nne.

"Sasa weye," alimwambia Raphaël.

Walingoja injini ipoe kidogo, lakini Bwana Haraka hakujua kungoja, na Raphaël alizitoa buji zikiwa bado zinaunguza, akizishika kwa kitambaa. Faradji alisimama nyuma yake karibu sana, mikono mgongoni, akimpumulia shingoni. Aliona kila kitu. Aliona kijana akizisugua buji kwa brashi ya waya mpaka masizi yakaisha. Aliona akitoa mfukoni kipimo cha vibati vyembamba, vile vinavyofunguka kama karata, akaingiza kibati kimoja katika upenyo wa kila buji, akagonga kijino taratibu kwa kipini cha bisibisi mpaka kibati kikabanwa kidogo. Nne zote aligonga. Ndipo akaanza mambo yake ya penseli na rondele: anakaza, anatazama alama, anafungua, anatia rondele nyingine, anakaza tena. Saa nzima ilikwenda hivyo. Bwana Haraka alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Moyoni Faradji alikuwa anapiga vigelegele. Mwizi amejikamatisha mwenyewe! Amesafisha buji, amepunguza upenyo, halafu atasema kilichosaidia ni kugeuza.

Gari lilipanda. Safari hii halikukohoa. Walilisikia likivuka kilele kwa sauti moja iliyonyooka, Bulaimu akapiga mluzi bila kukusudia, akakutana na jicho la Faradji, akaumeza.

"Sabini na tisa!" Bwana Haraka alipiga kelele hata kabla ya kufunga breki. "Sabini na tisa!" Akageuza gari, akapanda tena. Sabini na nane. Akapanda ya tatu. Sabini na tisa. Alimpiga Raphaël begani, jambo ambalo kwa miaka kumi na saba hakuwahi kumfanyia Faradji, kisha akaenda kwenye kivuli cha kamioneti kunywa bia yake ya moto.

Hapo ndipo Raphaël alipovuka barabara. Alikuja hadi alipokuwa Faradji, akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini.

"Baba Feza. Niko na neno."

"Baba Feza" ni jina la nyumbani. Faradji aliona kuwa amechokozwa.

"Sema, mwalimu."

"Tuache hapa. Tumwambie Musungu tumefanya sisi wawili, weye na miye. Ile kazi yote, kazi ya garaji."

"Ili nini?"

"Ili kila mutu apate yake. Miye nataka Kabambare. Mama yangu iko pale, na kwetu iko pale. Nilikubali kutoka Élisabethville juu ya ile garaji ya Kabambare. Lakini huyu Musungu hapeani garaji kwa mutu hajaona kazi yake. Sasa ameona. Kesho nitaomba Kabambare, hatanikatalia. Weye utabaki hapa na watu wako."

Faradji alimtazama. Kwa nukta moja, tuseme ukweli, alitaka kumwamini. Kisha akamkumbuka yule mbuzi na lile kaburi, akakumbuka madereva waliocheka na kunyamaza, akajibu:

"Hakuna mutu anaombaka Kabambare."

"Miye naomba."

"Juu ya nini haukusema tangu siku ya kwanza?"

"Haukuniuliza. Uliniambia kwa midomo ya madereva nikupe nyundo."

Raphaël alitazama kule kwenye kivuli, akasogea karibu zaidi. "Na tena, zile buji, tuzinyamazie. Kuna jambo ndani yake. Ukilichimbua litakuangukia weye, hapana miye. Nakuomba kama mutoto wako. Kugeuza kunasaidia kidogo, mwalimu wetu alisema kidogo tu, labda hata saa haiwezi kuona. Tuseme tu kumesaidia. Kunamuumiza nani?"

Mtu mwingine angesikia. Neno lilisemwa wazi, mchana kweupe, kwa Kiswahili chepesi, na aliyelisema alikuwa amechuchumaa vumbini na suruali yake iliyonyooshwa. Lakini Faradji alikuwa amebeba hasira yake siku nyingi mno, na mtu aliyebeba mzigo mzito haoni ila mahali pa kuutua. Alisikia neno moja tu: kidogo. Kijana amekiri! Anajua buji zake ni uongo, sasa anaogopa.

"Unatetemeka," alisema, akasimama. "Unatetemeka, mwongo weye. Bwana! Bwana!"

Raphaël alimshika mkono wa shati. Faradji aliukung'uta kama anayeondoa siafu, akavuka barabara.

Alisema yote kwa Bwana Haraka. Kwamba huyu hakugeuza tu. Alisafisha, na alifunga upenyo kwa kipimo. Kwamba haiwezi kuitwa haki. Kama kweli kugeuza ndiko kulikoongeza mbio, basi na atoe rondele zote, akaze buji zile zile, na upenyo ule ule, zikitazama popote zinapotaka, halafu gari lipande tena. Bwana Haraka alifikiri, akamaliza bia. Hakuwa mjinga yule mtu, alikuwa na haraka tu.

"Iko sawa," alisema. "Toa rondele."

Faradji alizitoa mwenyewe. Vidole viliungua hakuhisi. Alizikaza buji kwa namna aliyozikaza maisha yake yote, mpaka zikamate, basi. Na alama za penseli zikabaki zinaangalia huku na huko, moja mbele, moja pembeni, mbili kwa dereva. Alimwita Raphaël aje kuzitazama vizuri. Raphaël hakuja. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la kilomita, amefunika uso kwa viganja.

Sabini na tisa.

Sabini na nane.

Sabini na tisa.

Lo, furaha aliyoipata Faradji mlimani pale! Alipiga makofi. Alicheza, mtu mzima wa karibu miaka hamsini, akizunguka gari na spana juu, na akamwimbia Raphaël usoni maneno ambayo siyaandiki hapa. Hata rondele nne za shaba alizitupa majanini, moja moja, kila moja na tusi lake. Bulaimu naye alishuka akacheka, maana sasa ilikuwa salama kucheka.

"Kwa hiyo kugeuza buji ni bure," alisema Bwana Haraka, saa mkononi.

"Bure kabisa, Bwana! Bure na nusu!"

"Lakini motokari imepata sekunde sita. Imezipata wapi?"

"Si nimekuambia, Bwana? Ni ule upenyo! Upenyo wa buji ulikuwa wazi mno, cheche inashindwa kuruka, njo motokari inakohoa kule juu. Huyu amefunga upenyo tu. Hata mutoto angejua!"

Bwana Haraka alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza Faradji kumwona mtu yule akitulia.

"Nani aliacha upenyo wazi?"

Injini ilikuwa ikipoa, tik, tik, tik. Faradji bado alikuwa ameinua spana. Aliishusha.

"Mukono yako njo inashika buji za motokari hii," alisema Bwana Haraka. "Tangu imefika. Hakuna mwingine. Unapimaka na nini?"

Faradji akashindwa kupata uongo kwa wakati, akainua kidole gumba cha kushoto.

Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake, enzi za malori ya zamani: upenyo wa buji ni unene wa ukucha wa kidole gumba, ukiingia bila kulegea umepata. Na ulikuwa kipimo kizuri, malori mangapi yalifika Nyangwe kwa ukucha ule. Lakini mwaka wa arobaini na tisa jeki iliteleza, lori likamwangukia kidole, ukucha ukang'oka, na ulioota baadaye ukaota mnene na mgumu, wa manjano, kama kipande cha kwato. Aliendelea kuupimia. Malori, yenye injini za kivivu, yalivumilia. Gari la mbio halikuvumilia. Na yeye, miaka mitano mizima, hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kipimo chake kimebadilika.

Bwana Haraka aliushika ukucha ule, akaugeuza juani, akauachia.

"Nilinunua kipimo, iko stoo," alisema. "Ufunguo iko na weye."

Kisha akatoa hukumu, haraka kama alivyofanya kila kitu. Raphaël atabaki Kasongo kuwa mkubwa wa garaji. Faradji ataenda Kabambare baada ya sikukuu, kwenye malori ya pamba, kwa sababu malori hayajui ukucha.

Raphaël alinyanyuka kutoka kwenye jiwe. "Bwana, miye naomba Kabambare. Tafadhali, Bwana. Nilikuja juu ya Kabambare."

"Mimi sikuuliza weye."

Gari jekundu liliondoka, likawaacha wote watatu ndani ya vumbi.

Walikusanya vyombo. Faradji alichukua kimoja, Raphaël kingine, na mikono yao ilipokutana juu ya sanduku la spana hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi. Raphaël ndiye aliyezungumza, na sauti ile ya upole haikuwamo tena.

"Siku ya kwanza nilifungua zile buji, nikaona. Siku ya kwanza! Ningemwambia Musungu palepale, ungekuwa umekwisha. Nilitafuta njia ya kufunga ule upenyo bila mutu kukuuliza. Nilikufungulia mulango, muzee, weye ukaupiga teke, ukaniangushia miye kichwani."

"Sikukuomba huruma yako."

"Haukuomba. Na hautaipata tena." Alibeba sanduku peke yake, akalitupa ndani ya kamioneti kwa kishindo. "Kule Kabambare nyumba ya mama yangu iko nyuma ya misioni. Utaipita kila siku. Miye nitapita yako kule Kasongo. Nakuchukia, Baba Feza. Nataka ulijue."

"Nilijua kitambo," alisema Faradji, ingawa haikuwa kweli. Alikuwa amelijua saa ileile tu.

Walirudi Kasongo jua likiwa bado juu. Bulaimu alimshusha Faradji kwenye kona ya mtaa, hakuzima injini, wala hakuaga. Faradji alitembea hatua zilizobaki akitafuta namna ya kulisema. Alifikiri aanze na Musungu. Kisha akaona ni afadhali aanze na ukucha. Kisha akaona ukucha ndio wa mwisho kabisa kusemwa.

Subira alikuwa amesimama mlangoni. Kumbe hakuwa mtu wa mawe kama alivyojifanya. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, na macho yalikuwa mekundu kwa kungoja.

"Basi?" aliuliza. "Zile buji za yule kijana?"

"Hazina faida," alisema Faradji. "Tumepima na saa. Musungu mwenyewe amesema kugeuza ni bure."

"Kwa hiyo umemushinda."

Ilimpasa aseme hapana. Lakini neno lenyewe lilikuwa kweli, alikuwa ameshinda, na alikuwa amelipigania siku zile zote, na koo lake halikuwa na neno jingine tayari.

"Nimemushinda," alisema.

Subira alijishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaiondoa, akapiga kigelegele kirefu ambacho Faradji hakuwa amekisikia tangu arusi ya binti yao Feza, akageuka kuelekea ndani akipiga kelele, "Mama! Mama we, hatuendi popote! Tunabaki!" Mle chumbani sauti ya kizee ilianza kumshukuru Mungu. Mke wa jirani alijibu kigelegele kutoka ng'ambo ya ukuta, na mwingine baada yake, na mwingine zaidi, hadi mwisho wa mtaa.

Faradji alibaki mlangoni na kidole gumba ndani ya ngumi, akingoja wanyamaze ili aseme.